Kabla hujamkataza mzee mafuta, fikiria na mifupa yake

Mzee akitoka hospitali ameambiwa kolesteroli iko juu, jioni ile ile jikoni kwageuka, nazi marufuku, samli marufuku, apewa wali mkavu na mchicha wa kuchemsha chukuchuku mpaka hamu ya kula yamwisha. Mwafanya hivo kwa mapenzi, najua, lakini mifupa nayo yataka mafuta kiasi. Vitamini D na K huyeyuka kwa mafuta, kwa hivo mboga ikipikwa bila hata tone, vitamini K nyingi haimfikii, na hiyo D ndio husaidia mwili kunyonya kalsiamu ya maziwa na dagaa.

Kwa hivo kabla ya lolote mpime uzito. Kama nguo zishaanza kumpwaya, kumwondolea mafuta yote ni hatari kweli kweli kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga ina 4 tu, atazidi kukonda, na mzee mwembamba akianguka nyonga huvunjika kwa urahisi, na nyonga ikivunjika uzeeni wengi hawarudi kutembea kama zamani. Bibi zetu ndio wa kuangaliwa zaidi maana hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupungua haraka.

Halafu angalia ni mafuta gani yaliyoko ndani ya nyumba. Hapa Mombasa twapenda tui, mbaazi za nazi asubuhi na mahamri, wali wa nazi mchana, samaki wa kupaka usiku, na mafuta ya nazi karibu asilimia 90 ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli mbaya. Shirika la Afya Duniani lasema mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi vishafika hapo. Mimi siwezi kumwambia mtu wa pwani aache nazi, ila kasimile, lile tui zito la kwanza, iwe ya siku moja moja, siku nyingine tui jepesi, na kwingine pikia mafuta ya alizeti, soya au simsim kidogo. Bajia na viazi vya karai ambalo mafuta yake yashakuwa meusi kwa kurudiwa, hayo usimnunulie kabisa.

Kwenye samaki ndio tuna bahati. Vibua, samaki simu, jodari, hawa wana mafuta ya omega 3 na vitamini D pia, na simu ukiwala na miiba yao wapata kalsiamu humo humo. Omega 3 faida yake kwa moyo yajulikana zaidi kuliko kwa mifupa, tafiti za mifupa bado hazikubaliani, kwa hivo usikimbilie kununua chupa za vidonge vya bei wakati sokoni kuna vibua. Mpikie mchuzi wa ukwaju au mchomee samaki, inatosha.

Dawa anazomeza nazo zitazame, na hapa tafadhali usikisie. Akiwa kwa warfarin ya kuzuia damu kuganda, usimwongezee wala kumpunguzia mboga za majani ghafla, vitamini K huingilia dawa hiyo, muulize daktari kwanza. Akitumia steroidi muda mrefu, kwa pumu au baridi yabisi, hizo zenyewe hudhoofisha mifupa na daktari apaswa kujua kama kimo kimepungua au mgongo umeanza kupinda. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A nyingi, ikizidi huumiza mifupa, kwa hivo asiyanywe juu ya vidonge vingine vya vitamini.

Jua tunalo, lakini mzee anayeshinda ndani ghorofani Mji wa Kale halimfikii, na ngozi ikizeeka hutengeneza vitamini D kidogo. Mtoe barazani akae na wenzake, mikono na uso vipate mwanga. Daktari akimwandikia vidonge vya D, mpe pamoja na chakula cha mchana chenye mafuta kidogo, asivimeze asubuhi na chai ya rangi tupu.