Baiskeli ya mbio ya mtumba kwa safari za kazini Uingereza: kagua haya kabla ya kutoa pauni

Baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980, ya chuma, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, bado ni chombo kizuri cha kwendea kazini London, Leicester au Birmingham. Ni nyepesi mno ukiilinganisha na ile Raleigh nyeusi ya inchi 28 tuliyoizoea nyumbani, haimvutii sana mwizi kama ya kaboni, na fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuifungua yote mezani. Tatizo ni kwamba bei ya kwenye tangazo si bei yake kamili. Mtu hununua kwa pauni 60, akaipeleka kwa fundi, akarudi na hesabu ya pauni 200, na baiskeli bado ina kasoro.

Raba za breki, waya, cheni, tairi, kiti na hata magurudumu hubadilishwa. Visivyobadilika kirahisi ni vitatu: fremu, vitu vilivyogandia ndani ya fremu, na vipimo vya zamani ambavyo vipuri vyake havipo dukani. Anza na hivyo. Rangi inayong'aa iache mwisho kabisa.

Saizi

Simama bila viatu, mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya miguu kikibana juu kama kiti, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.65. Mwenye sentimita 80 anahitaji fremu ya takriban 52. Baiskeli za Kiingereza za zamani hupimwa kwa inchi: 21 ni sawa na sentimita 53, na 23 ni 58. Ukiisimamia, kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya sentimita 2 hadi 5. Ukienda kazini na gauni au sketi, tafuta fremu ya mixte, ambayo bomba lake la juu limeshuka. Baiskeli nzuri isiyo saizi yako haina dawa, hata ukipewa bure.

Nguzo ya kiti na shingo ya usukani

Hapa ndipo wengi hupotezea pesa. Mara nyingi nguzo ya kiti ni ya alumini na fremu ni ya chuma. Maji ya mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi yakiingia katikati yao, alumini huliwa, hutoa unga mweupe, na unga ule huvimba hadi nguzo ikashikana na bomba kana kwamba imechomelewa. Kuitoa kunaweza kuchukua siku nzima: mafuta ya kupenyeza, kusubiri, kuzungusha, na ikishindikana, kuikata kwa msumeno kutokea ndani. Gharama ya kazi hiyo inapita bei ya baiskeli.

Nenda na spana ya milimita 13 na funguo za pembe sita za milimita 5 na 6. Omba ruhusa kwa muuzaji, legeza bolti inayobana nguzo, shika kiti kwa mikono miwili uzungushe kushoto na kulia. Isogee. Muuzaji akisema hajawahi kuigusa kwa sababu urefu wake ulikuwa sawasawa, jihadhari: ndiyo nguzo inayoganda.

Ikitoka, itazame. Kipimo huwa kimegongwa karibu na mwisho wa chini. Fremu nyingi za Reynolds 531 (mabomba ya chuma chepesi ya Kiingereza) zenye mabomba yaliyopunguzwa unene katikati huchukua milimita 27.2. Ukikuta nguzo nyembamba zaidi na masikio ya fremu ya kubania nguzo yamekunjwa hadi yakagusana, ujue mtu alitia kipimo kisicho chake na kubana kwa nguvu. Masikio hayo hukatika.

Shingo ya usukani ni hivyo hivyo. Legeza bolti ya juu mizunguko mitatu au minne, itajitokeza kidogo. Igonge taratibu kwa nyundo ya mpira ili kabari iliyo chini iachie. Bana gurudumu la mbele kwa magoti, zungusha usukani. Ukigoma, rudisha bolti mahali pake, shukuru, uende zako. Ukisogea, kaza tena sawasawa, na alama ya mwisho iliyochorwa kwenye shingo ibaki imezama ndani.

Fremu

Pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini linaloshuka kwenye pedali, sentimita tatu hadi tano nyuma ya mahali yanapokutana na bomba la kichwa, lile fupi la mbele linaloshika foki. Kidole huhisi kile ambacho jicho linapita: kiuvimbe, wimbi dogo, au rangi iliyopasuka kwa mstari wa duara. Hiyo baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na chuma kilikunjwa. Kisha simama ubavuni uitazame foki. Sehemu yake ya juu iliyonyooka iwe mstari mmoja na bomba la kichwa. Ikiwa imerudi nyuma, iache.

Unyoofu unapimwa kwa uzi. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, uvute kuzunguka bomba la kichwa, uurudishe upande wa pili, ukaze. Pima umbali wa uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 2 inavumilika. Ikifika 5, baiskeli itakuwa inavuta upande mmoja.

Kutu ya juu juu si kitu. Ya kuogopwa ni ya ndani. Chomoa nguzo, mulika kwa taa ya simu ndani ya bomba, kisha geuza baiskeli utazame chini ya ekseli ya pedali, maana maji yote ya fremu hukusanyikia hapo. Gonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia, palipoliwa hutoa sauti butu na vigamba hudondoka.

Kuhusu Reynolds 531: ni mabomba mazuri kweli, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935, na kibandiko chake hupandisha bei. Lakini vibandiko vipya vinauzwa mtandaoni, yeyote anaweza kukibandika popote. Usilipie kibandiko. Kwa safari ya kilomita 8 kwenda kazini, chuma cha kawaida kinatosha, utavumilia uzito tu.

Beba sumaku

Sumaku ndogo ya mlango wa friji inatosha. Iguse kwenye rimu. Ikinata, rimu ni ya chuma chenye kromu, na kwenye mvua breki zake ni hatari: raba huteleza juu ya maji, unabana na baiskeli inaendelea kwenda. Katika nchi ambayo mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu, hili si jambo la kupuuza. Sumaku isiponata ni alumini, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kama baiskeli yote ni nzima ila rimu ni za chuma, ingiza bei ya magurudumu mapya kwenye hesabu kabla ya kupatana.

Hapo linakuja swali la kipimo. Baiskeli nyingi za Kiingereza za miaka ile zina magurudumu ya inchi 27, ambayo tairi yake imeandikwa 32-630; hiyo 630 ni kipenyo kwa milimita cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Ya kisasa ni 700C, yaani 622. Majina yanakaribiana lakini tairi haziingiliani. Ile 28 ya nyumbani ni kipimo kingine tena, 635. Tairi za 27 bado zinatengenezwa, ila uchaguzi ni mdogo. Ukitaka kuhamia 700C, rimu inashuka milimita 4 kila upande, kwa hiyo tazama kwanza kama raba za breki zina nafasi ya kushushwa milimita 4 kwenye mfereji wake. Ikiwa zimeshafika mwisho, utalazimika kununua na breki zenye mikono mirefu.

Rimu nyingi za zamani za inchi 27 pia hazina ukingo wa ndani wa kushika tairi. Usizijaze upepo kupita psi 75 hivi, la sivyo tairi itachomoka kwa mlipuko. Na ukikuta tairi zilizogundishwa kwenye rimu, zile za mashindano, achana nazo, kwa maana pancha moja asubuhi itakuchelewesha kazini.

Nyuzi za bolti: Mwingereza na Mfaransa

Peugeot na Motobécane za Ufaransa za kabla ya miaka ya mwanzo ya 1980 ni nzuri kuendesha, ila vipimo vyake ni vya Kifaransa. Pedali zina nyuzi za milimita 14 badala ya inchi 9/16, vikombe vya ekseli ya pedali, vinavyobeba goroli, ni vya milimita 35, na shingo ya usukani ni 22.0 badala ya 22.2. Kikombe kikiliwa, utatafuta cha kubadilisha kwa wiki kadhaa. Kwa baiskeli ya kwanza, chukua ya Kiingereza au ya Kijapani. Raleigh za Nottingham nazo zina nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24. Lakini vikombe vikiwa vizima, ekseli na goroli mpya zinatosha: goroli 11 za robo inchi kila upande.

Kranki, yaani mkono wa pedali, ikiwa imeshikwa kwa kota (pini yenye umbo la kabari), jambo tunalolijua vizuri kutoka kwa mafundi wa nyumbani, uliza kipimo kabla ya kuagiza: milimita 9.5 au 9. Na usiitwange kota bila kuegemeza kranki juu ya kitu kigumu, kwani nguvu ya nyundo inakwenda moja kwa moja kwenye goroli na kuacha mashimo kwenye vikombe. Kibadilisha gia cha plastiki cha Simplex hupasuka kwa uzee. Kibadilishe kabla hakijaingia kwenye spoku. Zile breki za ziada zilizo chini ya sehemu iliyonyooka ya usukani zifungue uzitupe: mara nyingi hugonga usukani kabla breki haijashika.

Kuijaribu

Inua mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unaingia kwenye kijishimo ukifika katikati, vikombe vya kichwa vimeliwa. Shika kranki usukume ubavuni, halafu fanya hivyo kwa kila gurudumu. Kucheza kidogo hurekebishwa, kukwaruza maana yake ni goroli mpya na pengine koni mpya, zile nati za ekseli zinazobana goroli. Zungusha gurudumu ukitazama pengo lake na raba: yumbo la milimita 2 hunyooshwa kwa spoku.

Cheni ipime kwa rula. Pini hadi pini, viungo 12 kamili (kipande cha nje na cha ndani ni kiungo kimoja) ni inchi 12. Ikizidi kwa 1/16, badilisha cheni. Ikizidi kwa 1/8, friwili, yaani meno ya gurudumu la nyuma, nayo imeshaliwa, na cheni mpya itakuwa inaruka meno.

Tazama pia kama kuna matundu ya kufungia madigadi na keria kwenye foki na nyuma, na nafasi ya kidole juu ya tairi. Baiskeli ya mashindano matupu haina, na bila madigadi utafika ofisini na mstari wa tope mgongoni. Dawes Galaxy, iliyotengenezwa kwa safari ndefu, ina yote hayo. Ukiipata saizi yako, usiiache.

Karatasi na polisi

Namba ya fremu kwa kawaida huwa chini ya ekseli ya pedali. Iingize kwenye BikeRegister, daftari la baiskeli la mtandaoni, ambako unaweza kuangalia bure kama baiskeli imeripotiwa kuibwa. Namba ikiwa imekwaruzwa, usinunue hata kwa pauni 10. Chini ya sheria ya Theft Act ya 1968, England na Wales, kupokea mali huku ukijua au ukiamini kuwa ni ya wizi ni kosa la jinai, na mgeni mwenye viza hana sababu ya kujiingiza huko. Nunua nyumbani kwa muuzaji, mwombe aandike jina, tarehe, bei na namba ya fremu, kisha upige picha karatasi hiyo pamoja na baiskeli.

Usiku sheria inataka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi chekundu nyuma. Viakisi vya pedali vinahitajika kwa baiskeli zilizotengenezwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1985. Kufuli itafute yenye alama ya Gold ya Sold Secure, shirika linalopima uimara wa kufuli, ufunge fremu pamoja na gurudumu la nyuma.

Kabla ya asubuhi ya kwanza

Tenga pauni 100 juu ya bei ya kununulia: waya na maganda yake yote, raba nne, cheni, tairi mbili na tyubu zake, grisi. Tairi zenye nyufa pembeni usizijaribu hata kama bado zina meno. Paka grisi kwenye nguzo ya kiti na shingo ya usukani, kisha rudia kila mwaka baridi ikiisha. Ukifungua pedali, kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume. Tazama mkono upi unavuta breki ya mbele: Uingereza ni wa kulia, lakini baiskeli iliyotoka bara la Ulaya mara nyingi ni wa kushoto, na ukikosea kwenye mteremko utapita juu ya usukani. Zunguka nayo mitaa ya karibu Jumapili, wakati magari ni machache. Ukishatembea kilomita 80 hivi, kaza tena kota au bolti za kranki na uvute upya waya za breki, kwa sababu waya mpya hulegea siku za mwanzo.