Unauzia kwa WhatsApp hapa Goma? Daftari lako lisikae kwenye simu moja

Wengi tunauza vitenge, viatu na vipodozi kwa simu tu: oda, bei, madeni, yote yamo ndani ya WhatsApp. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbilia Sake, Bukavu na Gisenyi na kile walichoweza kubeba. Na hata bila volkano, kuna wezi wa simu sokoni.

Washa nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye Google Drive, kila usiku, kwa Wi-Fi kama unayo, maana video za bidhaa zinakula mega (zisiingie kwenye nakala). Kuirudisha kunadai namba ileile na akaunti ileile ya Google. Kwa hiyo kadi ya SIM iwe imeandikishwa kwa jina lako, si la shemeji. Ukiwa umeifunga nakala kwa neno la siri ukalisahau, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Liandike kwenye karatasi, liache kwa dada.

Ukipata simu mpya, ukiulizwa kama urudishe nakala, usiruke kwa haraka. Ukiruka, nakala mpya tupu inaweza kufuta ile ya zamani.

Orodha ya wateja na madeni iwe pia kwenye faili la Excel. Kila Jumapili litume kwa barua pepe yako, na fulashi moja ikae kwa ndugu Bukavu. Kisha lifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama kweli linafunguka; hapo ndipo wengi huishia kushangaa.