Namba kubwa isikutishe, ivunje hivi

Jana jioni kwetu Kikuyu hapa Dodoma nilikaa na mdogo wangu barazani, nikamwandikia kwa chaki sakafuni 87,516, nikamwambia tuivunje iwe namba tasa zinazozidishana (namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu), bila kalkuleta.

Anza na mkia. Inaishia na 6, basi ni shufwa, gawa kwa 2 unapata 43,758, gawa tena unapata 21,879, hapo ni witiri so 2 imeisha. Sasa jumlisha tarakimu, 2+1+8+7+9 ni 27, na 27 inagawanyika kwa 9 basi namba nzima nayo inagawanyika, inabaki 2,431. Wengi hukwama hapa. 5 hapana, 7 inabakisha 2. Ila 11 ina njia tamu sana: toa na kujumlisha kwa kupokezana, 2−4+3−1, ikija 0 imekubali! Inabaki 221, ambayo ni 13 mara 17, zote namba tasa.

Kwahiyo ni 2×2×3×3×11×13×17. Unataka idadi ya vigawo, yani namba zote zinazoigawa 87,516 bila kubakisha? Angalia kila namba tasa imetokea mara ngapi, ongeza 1, kisha zidisha: 3×3×2×2×2, yani 72. Dogo akaanza kuviandika kimoja kimoja mpaka chaki ikaisha.