Shairi langu huanzia mkiani

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na mashairi huyatunga nikiwa nashona. Mguu ukishashika mwendo, kichwa kinabaki huru. Ila kalamu siigusi mpaka nipate kibwagizo, yaani mshororo (mstari) wa mwisho wa ubeti, kwani ndicho kitakachorudi kila ubeti. Kikiwa legelege, shairi zima linalegea nacho.

Juzi nilikosea kukata gauni la mteja, nikaambulia hiki:

*Kitambaa kikikatwa, hakirudi kuwa jora.*

Hesabu kwa vidole: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mizani 8, yaani silabi 8, na utao (nusu ya pili) mizani 8. Vina, zile silabi za kulingana mlio, vimeshajitaja, -twa katikati na -ra mwishoni. Sasa usikimbilie kutunga. Chukua karatasi (mimi hutumia ya mfuko wa simenti, ile ile ya kukatia vipimo), piga safu mbili, uorodheshe maneno. Safu ya -ra inajaa upesi: hasara, hasira, subira, ishara. Ya -twa ni kavu: kutwa, kuitwa, kupitwa, kuletwa, basi tena unaanza kukuna kichwa. Nikitaka vina vitiririke beti 3 za mishororo minne minne, nahitaji maneno 9 kila safu, maana mshororo wa nne ni kibwagizo. Yasipofika, badili kibwagizo mapema, kabla hujakipenda.

Hapo kwenye safu kavu ndipo uongo unapoingilia. Niliandika:

*Asubuhi nimetetwa, mteja kaja na hasira.*

Kina kimepatikana, lakini kuteta mtu ni kumsema kisogoni, na yule bibi alinifokea usoni, mtaa mzima unasikia. Kina kilikuwa kimeniburuta. Neno likija kwa ajili ya mlio wake tu, litoe, hata kama limekugharimu usiku.

Kosa la pili sikuliona mwenyewe. Shairi huwa nampa kijana ninayemfundisha kazi alisome kwa sauti, bila kumwambia lolote, nami nasikiliza anapojikwaa. Alijikwaa kwenye utao. Kuhesabu upya, mizani 9! M ya "mteja" ina silabi yake, tofauti na ya "mwenye", nami nilikuwa nimeimeza. Ningeweza kufupisha neno, inkisari inaruhusiwa, lakini nikiweza kubadili neno sikati. Ikawa:

*Asubuhi nilikutwa, bibi kaja na hasira.*

Gauni nimemshonea jingine kwa kitambaa changu. Shairi sijamsomea.