Kuomba cheti cha mbegu za nyasi za Rhodes: usiharakishe sampuli

Kwa Tanzania, anayetaka kuuza mbegu za malisho kihalali hupitia TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, yenye makao makuu Morogoro. Usajili wa mzalishaji wengi mnaufahamu, kwa hiyo naanzia shambani.

Kabla ya kupanda, tunza risiti na lebo ya mfuko wa mbegu mama. Mkaguzi ataziulizia, na shamba lisilojulikana asili yake halithibitishwi hata lingestawi vipi. Kisha omba ukaguzi mapema, nyasi zikiwa bado zimesimama. Magugu na nyasi za aina nyingine huonekana shambani. Zikishachanganyika kwenye gunia, umechelewa.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima. Nilivuna, nikaanika, na wiki hiyohiyo nikaomba kupimiwa. Majibu yalirudi na uotaji mdogo mno, nikaona kazi yote imekufa. Kumbe mbegu ya Rhodes ikitoka shambani huwa bado imelala. Huhitaji miezi 3 hadi 6 ya kukaa mahali pakavu ndipo iote vizuri. Baada ya miezi mitano niliziotesha tena mwenyewe kwenye sahani yenye karatasi mbichi, na siku ya saba zilikuwa zimechipua kwa wingi. Mbegu zilezile! Iliniuma sana, kwa sababu mvua za kupandia zilikuwa zimeshapita na wanunuzi wangu walishanunua kwingine.

Kwa hiyo andika tarehe ya kuvuna kwenye kila gunia, na uombe sampuli muda huo ukishatimia. Mwache mkaguzi achote mwenyewe. Ukibeba mbegu zako mkononi hadi maabara, majibu yatahusu kile ulichobeba tu, hayatathibitisha shehena nzima.

Wakati unasubiri, pepeta. Chukua vishuke vichache, visugue kiganjani, upulize. Kama hakuna punje ngumu ya rangi ya kahawia inayobaki, hayo ni makapi, nayo yatakushusha kwenye kipimo cha usafi kabla hata ya kufika kwenye uotaji.

Nyie mnaozalisha mbegu za desmodiamu (malisho ya jamii ya kunde), shida yenu ni nyingine: ganda gumu lisilopitisha maji. Maabara huzihesabu mbegu ngumu peke yake, mbali na zilizooza, basi someni safu zote za majibu kabla ya kukata tamaa na kutupa mbegu.