Simu ya "mabinti wanaojua kukata": namna ya kuipokea

Wadogo zangu madansa, simu huja hivi: "Dada, kesho tunashuti video, tunataka mabinti wanne wenye shepu, wanaojua kukata kiuno, weupe wawili wakae mbele." Umesomea nini, hajali. Usikate simu. Kabla hamjafika kwenye bei, uliza mwalimu wa shoo, yaani anayepanga namna ya kucheza, ni nani. Kama hayupo, jua kwamba mpiga kamera ndiye atakayepanga, na mpango wake ni kiuno, mapaja, halafu kiuno tena. Jitolee kupanga wewe, na kazi hiyo itajie bei yake mbali na ya kucheza.

Kiuno chenyewe hakina kosa. Sindimba ya Wamakonde huchezwa kwa kiuno, wanaume kwa wanawake. Unyagoni kungwi hukifundisha kama somo, na Bi Kidude aliipiga ngoma ya unyago hadi uzeeni. Kinachotuharibia ni kiuno kukatwa kwenye ngoma kikabaki peke yake, hakina miguu wala uso. Kwa hiyo dai picha pana, unyayo hadi utosi, walau mara moja katika kila kipande. Miguu ndiyo inayoshika mdundo. Ikikosekana, ufundi hauonekani.

Kuhusu weupe mbele, weusi nyuma: pendekeza mistari ibadilishane kila kiitikio kinapoingia. Sema ni mpangilio wa shoo. Ukianza na neno haki, mtabishana hadi jua lizame.

Mambo haya hayakuanzia Sinza hapa Dar. Mwaka 1926 Josephine Baker, Mmarekani mweusi, alivalishwa sketi ya ndizi kwenye jukwaa la Folies Bergère, Paris. Watazamaji walitaka Afrika. Yeye mzaliwa wa St. Louis, Marekani. Akawachezea huku akitia makengeza kwa makusudi na kuwachekesha, na pesa akachukua. Mimi simlaumu hata kidogo.

Kwenye baleti kibao kiligeuka: huko mweusi aliambiwa umbo lake halifai. American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani, ilianzishwa 1939, lakini mwanamke mweusi wa kwanza kupewa cheo cha juu kabisa pale, Misty Copeland, alikipata 2015. Viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole, vya rangi ya kahawia, watengenezaji Freed wa London walianza kuviuza 2018. Kabla ya hapo watu walivipaka viatu faundesheni ya rangi ya ngozi yao, na nyie mnaocheza baleti hapa Dar fanyeni vivyo hivyo: sponji, tabaka jembamba, kikauke, rudia. Soli usiiguse, utateleza. Taitsi zile za rangi ya biskuti loweka kwenye chai ya rangi nzito, ila jaribu kwanza sehemu isiyoonekana.

Mkikubaliana, yote yaandikwe WhatsApp usiku huohuo: mavazi, saa, malipo, na majina yenu kutajwa chini ya video. Taiti nyeusi ya ndani beba yako.

Akikujibu "wapo wengine wengi," mwambie sawa kaka, kazi njema. Na kama ulishafika lokesheni, tuseme Kigamboni, nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako tangu asubuhi.