Kofia Yenye Feni na Kazi ya Kuchomelea Wakati wa Joto

Fundi anayechomelea mageti Dar es Salaam mwezi wa Februari huunguzwa na joto la mashine, na jasho lake halikauki upesi kwa sababu ya unyevu wa pwani. Kofia ya kuchomelea yenye feni, ile inayofunika uso, humsaidia, ingawa si kiyoyozi: feni ndogo ya betri iliyofungwa mkandani huvuta hewa ya karakana, huipitisha kwenye chujio na kuisukuma kwa mpira hadi usoni, na jasho linapokauka ndipo ngozi hupoa.

Kwa hiyo anza kwa kutazama feni inavuta hewa ya wapi. Kwa kuwa hukaa kiunoni kwa nyuma, ukiupa mgongo ukuta wa bati uliopigwa na jua tangu asubuhi, utajipulizia joto lake usoni. Hamishia kazi kivulini, ukae upepo ukikupita ubavuni. Feni kubwa ya karakana nayo isielekezwe kwenye mshono unaouchomelea iwapo mashine yako ni ya gesi, kwani upepo huipeperusha gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka na mshono ukajaa vitundu.

Kabla ya kuvaa, pima msukumo wa hewa kwa kifaa kilichokuja na kofia. Ukiwa hafifu ilhali betri imejaa, huenda chujio limeziba. Libadilishe, wala usilipulize kwa kompresa, maana litatoboka na moshi utapita usiuone. Chujio hili hukamata vumbi na moshi tu. Haliongezi oksijeni, hivyo kofia hii haifai ndani ya tangi.

Wapo wanaofungulia mtungi wa oksijeni ili wapate ubaridi. Usifanye hivyo hata mara moja: nguo iliyoshiba oksijeni huwaka yote kwa cheche moja.

Vaa ovaroli ya pamba nzito, si ya poliesta, ambayo huyeyukia mwilini. Kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20 bila kungoja kiu; ukihisi kizunguzungu, zima mashine na ukae kivulini. Uwe pia na jozi mbili za glovu, moja ikianikwa wakati nyingine iko mikononi, kwa sababu glovu iliyolowa jasho hupitisha umeme, na mikono ndiyo hulowa mapema hata uso ukiwa mkavu.